Mpira wa baiskeli kwenye .375: kisa cha skopu ya Mzee iliyosingiziwa

Mzee alikuja Jumamosi asubuhi na bunduki yake kwenye mfuko wa turubai, hata kukaa hajakaa akaanza, "Mwanangu, hii darubini imekufa, nitafutie nyingine." Nikamwambia shikamoo Mzee, karibu chai kwanza. Mimi nimekaa kambi za uwindaji miaka mingi, nilianza kama dereva afu nikawa ndo mtu wa kushika spana na kusafisha bunduki za wageni, na hiyo kauli ya "skopu imekufa" (skopu ndo hiyo darubini ya kulengea juu ya bunduki) nimeisikia kila msimu. Skopu zilizokufa kweli nilizoziona ni mbili. Zilizobaki zote tatizo lilikuwa chini yake.

Bunduki ni CZ 550, kaliba .375 H&H, ile risasi ya Holland & Holland wa London ya tangu 1912, na huku kwetu ndo kaliba ya chini kabisa kisheria ukitaka kumpiga nyati. So mtu mwenye bunduki moja ya kufanyia kila kitu mara nyingi utamkuta na hiyo. Skopu ni 3-9x40 ya kawaida tu, yaani inakuza mara 3 mpaka 9 na kioo cha mbele ni mm 40, aliuziwa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ringi, yaani vile vipete viwili vinavyoishika skopu juu ya bunduki, aliletewa na kijana wake kutoka Afrika Kusini, kijana aliingia dukani akasema nataka ringi za CZ 550, akapewa ringi za CZ 550, hakuulizwa kingine na yeye hakusema kingine. Fundi mmoja akafunga. Na hapo kila mtu alifanya alichoambiwa.

Shida ilionekana porini. Kongoni kasimama ubavu, mita kama 80, Mzee yuko kwenye fimbo tatu za kuegemezea bunduki, katulia, kafyatua, risasi ikapita juu. Ya pili ikatifua vumbi kushoto kabisa. Askari wa wanyamapori aliyekuwa nao akamwambia kwa adabu tu, "Mzee, tuishie hapa kwa leo, tukalenge kwanza." Mimi nilivyosikia nilishukuru ni kongoni na kwamba alikosa kabisa, maana angekuwa nyati afu imempata tumboni, hiyo jioni ingekuwa hadithi nyingine.

Wakarudi kambini wakasimamisha boksi la maji mita 100. Mzee ni mtu wa kuandika, zamani alikuwa mwalimu, kipande cha lile boksi alikuja nacho na mahesabu yote nyuma kwa kalamu. Risasi ya kwanza kushoto sentimita 12. Skopu yake kila kliki inasogeza kama milimita 7.3 kwa mita 100, akazungusha kliki 16 kulia, sahihi kabisa. Ya pili ikaenda kulia sentimita 9. Akarudisha kliki 12. Ya tatu ikarudi kushoto na ikapanda. Ya nne alipopatia katikati akafurahi, ya tano bila kugusa kitu ikashuka sentimita 15. Risasi tisa za .375 zimeondoka hivyo, na bei ya hizo risasi mnaijua. Juu ya yote nyusi imepasuka, alikuja kwangu bado ana plasta.

Yale maandishi ndo yaliyonifanya nisiamini kwamba ni skopu. Skopu ikifa ndani mara nyingi inakupa tabia fulani, unageuza kliki hakuna kinachotokea afu baada ya risasi mbili tatu inaruka yote kwa pamoja, au ule msalaba wa kulengea ndani ya kioo unauona umelala upande. Hii ilikuwa inatangatanga, na inatangatanga hata ukiiacha. Kitu kinachotangatanga hivyo kimelegea mahali.

Tukahakikisha bunduki ni tupu, nikatoa bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, nikashika skopu kwa vidole viwili pale mbele nikasukuma. Ikaenda, nikaachia, ikarudi. Taratibu, kama jino la mtoto linalokaribia kung'oka. Mzee akanyamaza.

Kufungua nako kulikuwa kazi, skrubu moja kichwa kimeliwa, elenki inazunguka bure, ikabidi nigongee kipande cha nyota kilichozidi kidogo ndo ikakubali. Kifuniko cha ringi kilipotoka nikaona kitu cheusi kimezunguka bomba la skopu, nikadhani ni ule mkanda mwembamba wanaoweka baadhi ya watu. Nikavuta ncha yake. Kikaja, kikaja, kikaja, raundi mbili nzima. Mpira wa tyubu ya baiskeli, na namba ya saizi bado inasomeka.

Ringi zilikuwa za mm 30. Bomba la skopu ni inchi moja, yaani mm 25.4. Pengo ni mm 4.6, kila upande mm 2.3, na fundi alilijaza kwa mpira. Sitaki kumsema sana, aliletewa vitu viwili visivyoendana akaambiwa vifunge, na kweli alivifunga, alikaza mpaka akala vichwa vya skrubu. Ila mpira ukiukaza hivyo haugeuki chuma, unabaki mpira.

Afu chini nikakuta la pili, na hili ndo lililonikera zaidi. CZ 550 haina matundu ya skrubu mgongoni kama Remington 700 na bunduki nyingi za Marekani ambazo unafunga bezi, kipande cha kukalia ringi, kwanza ndo uweke ringi. Mgongo wake wenyewe umechongwa kiwandani, pande mbili zimeingia ndani kwa chini, upana mm 19, ringi inaubana pale pale kama koleo. Na kuna kichongo kidogo ambacho jino la ringi linaingia, ili teke la bunduki likija ringi isitembee. Jino la ringi ya Mzee lilikuwa limesagwa kwa tupa. Nadhani skopu ilivyokaa na ule mpira ringi ilitakiwa isogee kidogo, jino likakataa, likaondolewa. Mgongoni palikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa, kama milimita 2, ndipo ringi ilipokuwa inatembea.

Watu wengi hawajui skopu inatembea kwenda wapi. Ukifyatua, bunduki inarudi nyuma kwa nguvu, skopu yenyewe inataka kubaki ilipo. Ni kama abiria aliyesimama kwenye daladala dereva akiondoa gari kwa fujo, gari limeenda yeye bado yuko pale, anaangukia wa nyuma yake. Kwa hiyo ukiitazama kwenye bunduki skopu inateleza kwenda mbele. .375 teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06, na ringi ndo konda anayetakiwa kumshika huyo abiria kila risasi, gramu 400 hivi za vioo na chuma. Mpira unamshika kwa kumvuta na kumrudisha, na haumrudishi pale pale.

Mzee bado alikuwa na wasiwasi, "Sawa, lakini na darubini inaweza ikawa imekufa pia." Haki yake. So wiki iliyofuata tukaenda uwanja wa kulengea na rafiki yake mwenye .30-06, mwenye bunduki akiwepo mwenyewe, maana leseni ni ya mtu siyo ya bunduki kuzungushwa mtaani, na hata kwangu Mzee alikaa na bunduki yake mwanzo mpaka mwisho. Kwanza tukapiga .375 kwa saiti zake za chuma, zile za kulengea bila skopu, mita 50, nikapiga mimi kwa sababu macho ya Mzee saiti ya nyuma anaiona ukungu. Risasi tatu ndani ya sentimita 6. Bunduki nzima. Afu ile skopu "iliyokufa" tukaiweka kwenye .30-06 ambayo ringi zake ni za inchi moja, ikapiga tatu ndani ya sentimita 4, tukapandisha kliki 20 tukapiga, kulia 20 tukapiga, chini 20, kushoto 20, risasi ya mwisho ikarudi kugusana na kundi la kwanza. Skopu nzima. Mzee aliangalia lile karatasi muda mrefu, akasema tu, "Nilitaka kumuuzia mtu kama spea."

Sasa kuchagua ringi, hapa ndo tulibishana vizuri.

Kijana wake kwa simu alishasema dawa ni reli, ile ndefu ya meno meno, ya kijeshi, kila mtu mtandaoni anaweka. Nikakataa. Kwenye CZ 550 reli inakaa juu ya mgongo ambao tayari ni kishikizo, kwa hiyo unaongeza maungio mengine ambayo nayo yanaweza kulegea, unainua skopu bila sababu, na ikiwa ya kipande kimoja inapita juu ya mdomo wa kujazia. Hii bunduki inajazwa kwa juu. Nyati akikurudia unataka kusukumia risasi kwa kidole gumba bila kuchungulia chini ya daraja. Reli ina kazi yake, kwa mtu anayepiga mbali na anabadilisha badilisha vioo, Mzee siye huyo.

La pili alilolitaka mwenyewe ni kununua vile vipete vya kupunguza, kutoka mm 30 kuja 25.4, abaki na ringi zake. Kwa .22 au bunduki ya kware ningemwambia weka tu, vipo vizuri vya kutosha. Kwa .375 hapana, na hata kama ningekubali, jino la ringi lilishakufa kwa tupa, kwa hiyo zile ringi zilikuwa zimeisha tu.

Ila sababu kubwa ilikuwa urefu wake. Zile ringi zilikuwa ndefu, za skopu yenye kioo cha mm 50. Nilimwambia Mzee aweke shavu kwenye kitako amefumba macho, afu afumbue. Anaona ringi, siyo kioo. Ili aone kioo lazima anyanyue kichwa, shavu linaelea, linashikiliwa na hewa, na hapo kila risasi jicho linakaa sehemu tofauti. Ongeza kwamba skopu ilifungwa nyuma mno, sentimita 6 toka jichoni. Plasta ya nyusi ilitoka hapo.

Urefu wa ringi haubahatishwi wala huulizi dukani "hizi ni za kati?", kwa sababu kati ya kampuni hii ni fupi ya kampuni ile. Unapima. Tulichukua venia, ile rula ya kubana ya kupimia milimita, kikombe cha mbele cha skopu kwa nje ni mm 46, nusu yake 23. Bomba 25.4, nusu yake 12.7. Maana yake kikombe kinashuka chini ya bomba mm 10.3. Mtutu pale kinapokaa kikombe uko chini ya mgongo wa bunduki kama mm 4, so kwa hesabu ya mtutu peke yake ringi inayoinua bomba mm 8 au 9 inatosha na mwanga unapita. Lakini CZ ya .375 ina saiti ya nyuma juu ya mtutu, na hiyo ndo iliyokuwa inaamua. Nilitengeneza bomba la karatasi ngumu la vipimo vya ile skopu, nikalishikilia juu ya vipande vya mbao mpaka kikombe kikaikosa saiti kwa unene wa kadi ya benki, nikapima ule mwinuko. Ikaja mm 12. Zile za zamani zilikuwa mm 20. Milimita 8 kwa maneno ni kidogo, weka shavuni uone.

Pia nikajaribu bolti, inanyanyuka bila kugusa nyuma ya skopu, hilo likaisha haraka.

Ubishi wa mwisho ulikuwa ringi za kufunga moja kwa moja au za wenzo, zile unageuza kipini skopu inatoka. Mimi nilisimamia za wenzo kwa .375 yoyote. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kichakani, skopu ambayo chini kabisa ni mara 3 unaona manyoya tu, hujui ni bega au paja, unataka kuitoa utumie saiti za chuma. Na ringi nzuri za wenzo ukirudisha skopu inarudi karibu pale pale, tumefanya sana na wageni kambini. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, mimi saiti ya chuma siioni. Nikitoa darubini nabaki na fimbo." Nikakosa jibu. Mtu wa miaka 60 na kitu, jicho haliwezi tena kushika saiti ya nyuma, ya mbele na mnyama kwa wakati mmoja, na wenzo unaokupeleka kwenye saiti usizoziona ni gharama ya bure. Bado naamini dawa yake halisi ni skopu ya 1.5-5 yenye uwanja mpana, ila hiyo ni pesa ya mwaka mwingine, na tulikubaliana yeye asimfuate nyati kichakani.

Basi oda ikawa hivi, na niliiandika kwenye karatasi nikaipiga picha nikamtumia kijana ili asije akatafsiri: CZ 550, mgongo wa mm 19, zenye jino, chuma siyo alumini, bomba inchi moja, mwinuko kati ya mm 12 na 13, skrubu nne juu kwa kila ringi. Ringi za mgongo huo zinapatikana, CZ wenyewe, Warne, Talley. Nilimsisitizia namba, kwa sababu hata ndani ya familia ya CZ mgongo unatofautiana, 527 ni mm 16, zile .22 zao ni mm 11, na muuzaji akisikia "CZ" tu anaweza kukupa yoyote. Alumini nzuri zipo, sizidharau, ila kwa teke hili na kwa gari letu linavyorukaruka porini nikaona gramu chache za kuongezea hazimchoshi mtu.

Zilifika baada ya wiki tano.

Kufunga kulichukua asubuhi nzima kwa sababu nilitaka Mzee afanye kwa mkono wake mimi nielekeze. Spirit kwenye mgongo na ndani ya ringi, mafuta yote yaondoke. Nusu za chini zikakaa, jino ndani ya kichongo, na hapa kuna kijambo kidogo watu wanakiruka: kabla ya kukaza, sukuma ringi kuelekea mbele mpaka jino liegemee ukuta wa mbele wa kichongo. Ukiliacha katikati, risasi ya kwanza italisukuma yenyewe na ziro yako, yaani pale ulipoilengesha skopu, itaondoka nalo. Skopu ikalala, vifuniko vikawekwa vilegevu.

Umbali wa jicho tukapima kwenye mara 9, maana kwa skopu nyingi za aina hii ndo jicho linatakiwa likae karibu zaidi, na tukapima akiwa amesimama kwenye fimbo tatu na koti lake la porini, kwa sababu ndivyo anavyopiga. Ukipima umelala juu ya meza unapata jibu lingine. Amefumba, ameweka shavu, amefumbua, kioo chote cheupe bila kivuli. Sentimita 9 toka jichoni. Msalaba tukaunyoosha kwa timazi, uzi na nati nilizining'iniza kwenye mwembe upande wa pili wa uwanja, Mzee akazungusha skopu mpaka mstari ukalala juu ya uzi. Kukaza ni kwa msalaba kama nati za tairi, kidogo hapa kidogo pale, pengo la pande zote mbili libaki sawa. Nina kibisibisi cha kupimia mkazo, nikakiweka nyutoni-mita 2 kwa vifuniko kama karatasi ya ringi ilivyosema. Mzee aliposikia klik akataka kuendelea. Nikamwambia hapana Mzee, imetosha. "Mbona nyepesi hivi?" Ndiyo, ni nyepesi hivyo, ringi inayokaa sawa haihitaji kuliwa vichwa. Mwisho nikamwomba mama watoto rangi ya kucha, nyekundu, nikachora kistari kimoja kikatize ringi na bomba, kingine kikatize ringi na mgongo, kikipasuka utajua kuna kilichotembea.

Uwanjani, mita 25 kwanza, risasi moja, tukarekebisha. Mita 100, tatu za kwanza sentimita 5, juu kidogo na kulia. Kliki sita, kliki nne. Tatu zingine zikakaa katikati. Hakuigusa skopu tena. Jumla mpaka leo ameshapiga 26 juu ya hizo ringi, pamoja na safari moja ya barabara ya Rungwa ambayo mnaijua ilivyo, na vistari vya rangi ya kucha havijakatika hata kimoja. Kongoni alimpata, mita 110, risasi moja.

Ringi za mm 30 anazo bado, anasema atamuuzia mtu, nimemwambia amwonyeshe mnunuzi lile jino kwanza. Na ule mpira aliuomba siku ile ile, nikadhani anataka aweke kumbukumbu. Kumbe baiskeli ya mjukuu wake ilikuwa na pancha, akakata kiraka.